Vijiti Vinne vya Memori na Jina la Cherono

Kompyuta mpya hunitia wasiwasi kuliko kuukuu. Kuukuu ikikataa, angalau unajua ilikuwa nzima jana, kwa hivyo unauliza tu ni nini kilichobadilika tangu jana. Mpya iliyoundwa wiki hii haina jana. Haijawahi kuwa nzima hata mara moja, na kila kilichomo ndani yake ni mshukiwa, pamoja na mkono wa aliyeiunda.

Nawaandikia ninyi mnaojifunza kazi hii sasa kwa simu na kwa video, mkiwa na zile bisibisi za sumaku ambazo sisi hatukuwa nazo. Mimi nilizeekea kazini hapa Nakuru. Nilianza na taipureta, nikahamia kompyuta zilipoingia, na nilipostaafu watu walikataa kuamini, wakaendelea kuniletea mashine hadi sebuleni. Wengi mnaniita Mathe, yaani mama, na sikatai. Leo nataka kuwaeleza habari za memori, yaani vile vijiti virefu vyembamba ambavyo mafundi wote wa mjini huviita RAM. Nimechagua memori kwa sababu ni hodari wa kusingizia wengine makosa yake. Ikiumwa, utadhani ni diski. Utadhani ni Windows. Utadhani ni stima, yaani umeme. Na safari moja niliona ikikaribia kumfanya binadamu mzima kuwa mwizi.

Walinijia Jumamosi asubuhi, wasichana wawili kutoka Molo. Nawaita wasichana kwa sababu ya umri wangu. Ni wanawake kamili wenye kazi yao ya kurekodi harusi na kuzihariri. Mmoja anaitwa Cherono, mwingine Mumbi. Walishusha kompyuta mbili kubwa kutoka gari la kukodi, wakaziweka juu ya meza yangu ya chakula. Walikuwa wameziunda wenyewe, kila mtu yake, vipande vyote vikiwa sawa. Niliwasalimia, wakaniitikia vizuri wote wawili. Kisha nikaona kwamba hawaangaliani. Cherono alikaa karibu na mlango, Mumbi akakaa dirishani, na kochi la katikati likabaki na mkoba wa nyaya peke yake.

Mumbi ndiye aliyeeleza. Mashine zote mbili zilikuwa na ugonjwa mmoja. Zinawaka, zinafanya kazi kidogo, halafu skrini inageuka bluu. Video ya harusi ikikaribia kwisha inakwama, au inatoka na miraba ya kijani usoni mwa bibi harusi. Vipande vingi walinunua pamoja, wakivichagua wawili. Memori peke yake ndiyo iliyonunuliwa na Cherono bila mwenzake, kwa binamu yake mwenye duka hapa mjini.

"Mathe, kutengeneza tutaongea baadaye," Mumbi akasema. "Kwanza utuambie kama hizi RAM ni feki. Ukisema ni feki, mimi na huyu tumemalizana."

Cherono alikuwa akitazama kucha zake kama mtu anayesoma.

Nilipoingia jikoni kuweka chai, akanifuata. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hakuchukua hata senti, na kwamba binamu yake alimpa maboksi yakiwa yamefungwa. Kisha akaniambia lililokuwa likimuuma. "Mumbi ameshaambia mamake. Na mamake hanyamazi, hata huko kwaya. Wewe ukisema ni feki, Molo nitarudi nikiwa nani?"

Sikumwahidi kitu. Nilimwambia nitasema nitakachokiona, na kwamba nitakiona zaidi ya mara moja kabla ya kukisema. Najua hilo halikumtosha. Lakini fundi akianza kazi akiwa ameshachagua anayetaka ashinde, afadhali arudishe bisibisi mfukoni.

Hilo nilifundishwa na Mzee Wachira, aliyenipokea nikiwa msichana katika chumba chake cha kutengenezea taipureta. Chumba kilinuka mafuta ya taa, kwa kuwa ndiyo tuliyokuwa tukisafishia herufi. Mteja akileta taipureta mbovu, Mzee Wachira alikuwa akiniambia nikalie mikono yangu. Si mfano; alimaanisha niiweke chini ya mapaja kabisa. Mteja apige herufi mwenyewe, akosee mwenyewe, nami nitazame tu. Mikono ikikosa kazi, macho yanaamka. Nimekalia mikono yangu mbele ya wateja wengi maishani, na wengine walidhani nasikia baridi.

Kwa hivyo nilikalia mikono, nikawaambia wawashe moja wenyewe na kuitumia kama wanavyoitumia kwao. Hata kabla chai haijachemka, skrini ikawa bluu. Mumbi akanitazama kana kwamba nimeshatoa hukumu. Nikamwambia bado.

Kitu cha kwanza, na hiki kiandikeni mahali, ni kuangalia kama vijiti vimekaa. Mashine nyingi sana mpya zinazokataa kuwaka hazina ugonjwa wowote. Memori haikusukumwa ikafika. Watu huogopa kuibonyeza. Bodi, yaani lile bamba ambamo vijiti huchomekwa, inapinda kidogo chini ya kidole, nao wanadhani itavunjika, wanaacha njiani. Bonyeza kwa vidole gumba viwili, upande huu na upande ule, mpaka usikie kishikizo kikiita tak. Usiposikia tak, hujamaliza. Na kabla ya hapo zima, chomoa waya wa stima ukutani, kisha shika chuma cha kasha ili ule umeme mdogo wa mwilini mwako utoke.

Lakini msibonyeze kama yule kijana wa Olenguruone. Alinunua memori ya aina moja na bodi ya aina nyingine, na kile kipengo cha katikati kikakataa kulingana. Watengenezaji waliweka kipengo pale makusudi ili usikosee. Yeye alichukua msumeno wa chuma, akachonga kipengo chake mwenyewe. Iliingia, nakubali. Moshi ulipotoka alinipigia simu kuniuliza kama moshi ni kawaida kwa kompyuta mpya.

Vijiti vya Cherono na Mumbi vilikuwa vimekaa vizuri, na katika matundu yanayostahili. Nilivitoa, nikamulika matundu kwa tochi. Ninatafuta uchafu hata kwenye mashine mpya, kwa sababu ya desturi moja ya mafundi wetu. Mnajua ninayoisema: mashine ikikataa, fundi anachomoa memori, anaisugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha mtoto wa shule, anairudisha. Inasaidia wakati mwingine, kutu inatoka. Ila niliwahi kuitwa Mai Mahiu, kwenye kibanda cha kuchapisha karatasi kando ya maegesho ya malori, nikakuta tundu la memori limejaa makombo ya kifutio na vumbi la barabarani, vimeshikana kama uji uliokauka. Fundi alikuwa amesugua, akapuliza kwa mdomo, na mate yakamaliza kazi. Ukisugua, sugulia mbali na bodi, ufute kwa kitambaa kikavu. Na mdomo wako uache kwa chai.

Matundu yalikuwa safi. Niliviacha vitu vipate joto la nyumba, maana Molo asubuhi ni baridi, na chuma kilichotoka kwenye baridi kikiingia mahali pa joto kinatoa jasho ambalo hulioni. Mumbi hakupenda kungoja. Alisimama, akakaa, akaangalia simu. Cherono hakusogea.

Kisha nikaweka flashi yenye programu ya kupima memori. Zamani hatukuihitaji sana. Kompyuta ilikuwa ikihesabu memori yake mbele ya macho yako kila unapoiwasha, namba zikipanda, ukisubiri kama mtu anayetazama mita ya petroli. Siku hizi mashine inawaka kimya na kwa majivuno, nawe hujui inaficha nini. Programu ya kupima hufanya kazi ya mama mwenye kuku wengi: anaweka yai katika kila kiota, anazunguka, anarudi kuangalia kama kila yai liko pale alipoliweka na kama ni lilelile. Likigeuka lingine, programu inaandika mstari mwekundu. Mstari mmoja unatosha. Memori haina kosa dogo.

Mistari myekundu ilijaa skrini nzima. Tukahamia mashine ya pili, ikawa vilevile.

"Si uliona," Mumbi akamwambia Cherono. Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomsikia akimwambia tangu waingie.

Niliwauliza kama waliwasha kasi kubwa. Hapa niwaeleze polepole, kwa sababu wengi hukosea. Memori mpya ukiichomeka huanza kwa mwendo wa kawaida, wa chini. Ile kasi kubwa iliyoandikwa kwenye boksi haiji yenyewe. Unaingia kwenye mipangilio kabla ya Windows kuanza, unaiwasha kwa mkono. Wao walikuwa wameiwasha, kama video zinavyofundisha, na si vibaya. Nikaizima katika mashine zote mbili, nikapima tena. Chai ikanywewa, mkate ukaliwa na mimi peke yangu, na hakuna mstari mwekundu hata mmoja uliotokea.

Nilidhani hiyo ni habari njema. Mumbi aliipokea tofauti, na kusema kweli hoja yake ilikuwa na miguu.

"Kwa hivyo zinaweza kutembea lakini haziwezi kukimbia," akasema. "Na boksi limeandikwa zinakimbia. Mathe, hiyo si ndiyo feki yenyewe? Mtu anachukua RAM ya pole pole, anabandika stika ya ile ya kasi."

Jambo hilo lipo. Nimeliona kwa macho yangu, stika imebandikwa upande. Cherono alinitazama mara moja, akanitolea macho yale ya mtu anayesubiri daktari afungue kinywa. Nilikuwa na jibu nusu ulimini. Nawaambia ninyi mtakaoketi pale nilipoketi: hapo ndipo mahali pabaya zaidi katika kazi hii, wakati dalili zote zinaelekea upande mmoja, na watu wanakusubiri, na ni rahisi kusema.

Badala yake nikasema tutapima kijiti kimoja kimoja, kwa kasi ileile kubwa iliyoandikwa. Kama ni uongo wa stika, kijiti cha uongo kitajitaja chenyewe.

Tuliacha kijiti kimoja katika kila mashine. Saa zilienda. Ukipima memori huwezi kuharakisha chochote. Unakaa kama mtu anayechemsha githeri, mahindi na maharagwe makavu. Vijiti viwili vya kwanza vikapita bila doa. Nilimwona Cherono akipumua. Tukaweka viwili vilivyobaki. Mumbi akaja kusimama nyuma yangu, kwa karibu kiasi cha kunifanya nisikie pumzi yake sikioni, akihesabu asilimia kimoyomoyo.

Vikapita pia. Vyote vinne, kimoja kimoja, kwa kasi iliyoandikwa.

Nikarudisha viwili viwili kama vilivyokuja. Mistari myekundu ikarudi.

Hapo niliogopa kidogo, nakiri, kwa sababu nilikuwa nimeishiwa na njia za haraka. Nikafanya yale mtakayofanya ninyi: nikapima kila tundu kwa kijiti kilekile, nikalegeza feni kubwa inayopoza prosesa, kichwa cha mashine, kwa kuwa ikikazwa upande mmoja bodi hupinda na memori ndiyo inayolalamika. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha kipimo, kisha kingine. Ukibadilisha viwili pamoja na mashine ikapona, umeponya usichokijua, na kesho kitarudi. Hakuna kilichosaidia. Matundu mazima. Feni sawa.

Niliweka vijiti vyote vinne juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha ili nivitazame kwa mwanga wa jua. Havikuwa na lile koti la chuma ambalo vingine huvalishwa, kwa hivyo vile vipande vyeusi vya ndani vilionekana. Mumbi alikuwa na macho makali kuliko yangu, na ndiye aliyeona kwanza.

"Hii na hii si sawa," akasema.

Alikuwa sahihi. Vijiti viwili vilikuwa na vipande virefu vyenye maandishi ya aina moja. Viwili vilikuwa na vipande vifupi kidogo vyenye maandishi ya aina nyingine. Stika za juu zilikuwa zinafanana kabisa: jina lile, ukubwa ule, kasi ile.

"Na katika kila mashine kulikuwa na moja hivi na moja hivi." Mumbi hakupaza sauti, na ndiyo sababu ilitisha. "Binamu yako alitoa moja orijino, akaweka moja yake. Kwangu na kwako, ili tusishtuke. Cherono, ulijua?"

"Sikujua."

"Ama mligawana?"

Cherono alisimama. Nilidhani ataondoka, na angeondoka, jambo hilo lingekuwa limeisha namna ambayo hakuna programu ya kupima ingelirudisha. Nikamwambia akae. Nilimwambia kwa ukali ambao sikukusudia, kisha nikageuka kwa Mumbi nikamwambia naye akae, na safari hii wote wawili wakajikuta kwenye kochi moja kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu.

Nikawauliza swali ambalo ningepaswa kuwauliza kabla ya chai. Maboksi yalipofika Molo, nani aliyafungua?

Walisema walifungua pamoja, nyumbani kwa Mumbi, mezani. Yalikuwa maboksi mangapi? Mawili. Kila boksi lilikuwa na vijiti vingapi? Viwili. Yalikuwa yamefungwa? Mumbi alisita, kisha akasema ndiyo, karatasi ya juu aliitoa yeye mwenyewe kwa kisu.

"Basi mbona kila mtu hakuchukua boksi lake?" nikauliza.

Wakatazamana, mara ya kwanza siku hiyo. Cherono ndiye aliyejibu. Boksi moja lilikuwa limebondeka njiani, pengine chini ya magunia ya viazi, maana alilituma na lori. Hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake lililobondeka, na hakuna aliyetaka kulichukua. "Mumbi akasema tugawane kama ng'ombe wa Krismasi."

Kama hujakulia huku kwetu, nikueleze. Krismasi ikikaribia, nyumba kadhaa huchanga, zikanunua ng'ombe mmoja. Anapochinjwa, hakuna anayepewa mguu mzima na mwingine kichwa. Nyama hukatwa na kutandazwa mafungu juu ya majani ya migomba, na kila fungu hupata kidogo cha kila mahali: paja kidogo, mbavu kidogo, ini kidogo, mfupa kidogo. Ukiona fungu moja limepungukiwa ini, unaongeza. Hakuna anayeondoka akinung'unika. Ni njia nzuri, na nimeila nyama hiyo miaka mingi. Mumbi, kwa wema, alichukua kijiti kimoja kutoka kila boksi akampa mwenzake, na yeye akabaki na kimoja kutoka kila boksi. Likiwa baya lililobondeka, basi walie wote wawili sawasawa.

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, ingawa wao hawakucheka.

Sasa sikilizeni, kwa maana hili halikuandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Memori ikiuzwa viwili katika boksi moja, si kwa ajili ya kuokoa karatasi. Kiwandani hupimwa pamoja, kama ng'ombe wawili wa jembe wanaozoezwa nira moja. Hutembea mwendo mmoja, hugeuka pamoja. Na kampuni hiyohiyo, kwa jina lilelile na stika ileile, inaweza kubadilisha vipande vyeusi vya ndani kati ya mzigo mmoja na mwingine. Mradi boksi litimize kasi iliyoandikwa, kwao ni sawa. Kwa hivyo maboksi mawili ya duka moja, yote orijino, yanaweza kuwa na ng'ombe wa mazizi mawili. Ukichukua mmoja huku na mmoja kule, kwenye mwendo wa polepole watalima tu. Ukiwachapa wakimbie, mmoja anavuta kabla ya mwenzake, na mtaro unapinda. Mara nyingine wanaelewana, ndiyo sababu mafundi wengi huchanganya na hawajapata shida bado. Lakini hakuna aliyekuahidi wataelewana.

Nilieleza hayo, na Mumbi hakuniamini. Sikumlaumu. Alisema maneno ni maneno. Nikamwambia ndiyo, na tutapima.

Nikavipanga upya: virefu viwili kwenye mashine moja, vifupi viwili kwenye nyingine, kasi kubwa ikiwashwa. Nikaanzisha programu zote mbili kwa pamoja. Nikawaambia ukweli mwingine: kama mistari myekundu itarudi kwenye hata mashine moja, basi maelezo yangu ni bure, na nitasema kwamba kijiti kilichomo humo sikiamini, na nitalisema mbele ya wote wawili.

Asilimia zikaanza kupanda. Cherono aliweka mikono chini ya mapaja yake, sijui kama kwa kuniiga. Jirani aliita nje, hakuna aliyemwitikia. Tukiwa katikati, taa ya sebule ikafifia, ikarudi, na mashine zote mbili zikazimika. Stima. Mumbi akasema neno ambalo sitaliandika. Niliwasha tena, na programu hizo hazikumbuki ulipofikia. Zinaanza tangu mwanzo. Nilimwona Cherono akifumba macho.

Tukangoja tena. Hapo awali mashine zilikuwa zikikosea mapema, kabla hata ya robo ya njia. Robo ikapita. Nikasema kwa sauti kwamba robo imepita, kisha nikajuta kusema. Nusu ikapita. Nilianza kusikia ndege nje, na ndipo nikatambua kwamba kwa muda mrefu nilikuwa sisikii chochote. Mashine ya Cherono ilitangulia kumaliza. Haikuwa na doa. Ile ya Mumbi ikafuata, asilimia za mwisho zikienda polepole kama zinatutania, ikamaliza. Haikuwa na doa.

Nilirudia kipimo, kwa maana nilikuwa nimemwahidi Cherono nitaona zaidi ya mara moja. Wakati wa kipimo hicho cha pili Mumbi aliinuka, akaenda kusimama dirishani, mgongo wake kwetu. Kilipopita nacho, nikasema nililokuwa nimeombwa kusema: vijiti vyote vinne ni vizima, ni vya kweli kwa kadiri ninavyoweza kupima, na aliyeviuza hakuwaibia.

Nilitaka kuongeza jambo kuhusu kuweka alama kwa kalamu kwenye vijiti vilivyotoka boksi moja, jambo ambalo nawasihi ninyi mlifanye kila mara, kabla hata ya kuvitoa kwenye plastiki. Lakini niliona si wakati wake.

Cherono alianza kurudisha mifuniko ya makasha, skrubu moja baada ya nyingine. Hakumwangalia mwenzake. Mumbi akatoa simu, akapiga, na akaiweka kwenye spika, jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Sauti ya mamake ikaja, pamoja na kelele za kuku na redio.

"Mami," Mumbi akasema, "ile maneno nilikuambia ya Cherono. Si kweli. RAM ziko sawa. Ni mimi nilizichanganya."

Mamake akauliza kama amelazimishwa kusema hivyo. Mumbi akasema hapana. Mamake akauliza kama ana uhakika, na Mumbi akasema zimepimwa mbele yake. Yule mama akasema basi ni sawa, Mungu ni mwema, akawa tayari kuanza habari nyingine.

"Na wa kwaya pia," Cherono akasema, akiendelea kukaza skrubu bila kuinua kichwa. "Jumapili kanisani mama yangu alikaa benchi peke yake."

Mumbi alimtazama. Nilidhani hakuwa amelijua hilo. Akaileta simu karibu zaidi na mdomo.

"Mami, usikate," akasema. "Niambie majina ya wale wote uliwaambia. Nitawapigia mmoja mmoja, nikiwa hapa hapa."